Kesi Isiyo Yangu

Jumapili alasiri. Mvua ya mawe ilianza tulipokuwa tukitoka kanisani, na mpaka sasa mabati ya duka yanapiga kelele hata redio ya jirani siisikii. Majani chai ya mlima ule wa mbele yatakuwa yamechanika vibaya. Nimejifungia humu dukani na mashine yangu ya kufuma sweta, nimewaambia watu wa nyumbani nina kazi nyingi. Sina kazi. Nimekaa tu.

Kijiji kizima kinaamini niliwahi kushtakiwa kortini.

Sijawahi. Korti naijua kwa nje tu, tena kwa sababu karibu na lango lake kuna mama anayeuza uzi mzuri. Aliyeshtakiwa ni mtu mwingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, akaniomba nisiseme, na njia ya haraka ya kujisafisha ni kumtaja. Kesho saa nne wazazi wanakutana shuleni, na jina langu litakuwa mezani.

Naandika hapa kwenye blogu yangu kwa sababu sina pengine pa kusemea. Hii sitaichapisha leo. Majina yote nimeyabadilisha, hata la binti yangu.

Nianzie pale nilipojiponza. Mwezi uliopita tuliitwa shuleni kupendekeza wazazi watakaotuwakilisha kwenye bodi. Ni shule ya sekondari ya kutwa, ile anayosoma Achieng wangu, kidato cha tatu. Mimi kwa asili ni mtu wa ziwani. Baba alikuja huku kuchuma majani chai kabla sijazaliwa, nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, nikasoma hapa, nikaolewa hapa, nikaachika hapa hapa. Kipsigis, lugha ya wenyeji, nakiongea mpaka wazee wanacheka kwa furaha. Lakini siku nikikosea jambo, mimi ni mgeni. Hakuna anayelisema hilo. Linajulikana tu.

Siku ile ya mkutano nilijiona mwenyeji kuliko wenyeji. Kwanza mama mmoja akanipendekeza mimi, niwakilishe akina mama, nikakubali hata kabla hajamaliza kulitaja jina langu. Kisha nikasimama nikampendekeza Baba Chelangat.

Hakuna mzazi asiyemjua. Miaka michache iliyopita maji ya mvua yalikuwa yanateremka kutoka mlimani na kuingia madarasani, watoto wanasoma soksi zikiwa zimelowa. Baba Chelangat akaja na jembe lake, akachimba mtaro mrefu nyuma ya madarasa, peke yake, wiki baada ya wiki. Hakulipwa. Mwalimu mkuu wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu na kurudi kwao, aliwaambia wanafunzi wamshukuru kila wakimpita. Baadaye akapanda na miti ya ua kuzunguka uwanja. Basi mimi nikauliza mbele ya wazazi, kwa sauti ya mtu wa kampeni, ni nani mwingine aliyeitumikia shule hii hivyo bila kuombwa.

Akatikisa kichwa. Akasimama akasema hapana, watafute mtu mwingine.

Sasa, mzee wa heshima wa huku hapokei cheo siku kinapotajwa. Atakataa, abembelezwe, akatae tena, ndipo akubali kama mtu anayebebeshwa mzigo. Anayekubali upesi anaonekana ana njaa ya kitu. (Ndiyo, najua nilivyokubali mimi.) Hayo yote nayajua kwa sababu nimekulia humu, na nilitaka watu waone kwamba nayajua. Nikasema kwa Kipsigis changu cha kujivunia kwamba Mzee anakataa vile wazee wanavyokataa. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Alipokataa mara ya pili makofi yakazidi. Akakaa chini, akawa anatazama viganja vyake. Jina likaandikwa.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu ulianza kwa kuponza kichwa cha mwenzangu.

Jumatatu iliyopita mwalimu mkuu wetu wa sasa, Madam, mama makini sana wa kutoka upande wa Bomet, aliandika kwenye kundi la wazazi kwamba kila aliyependekezwa atafute cheti cha tabia njema cha polisi. Alama za vidole zichukuliwe, majibu yaje, ndipo majina yapelekwe ofisi ya elimu ya kaunti, kwa maana huko ndiko wanakoteuliwa hasa. Mimi sikuona tatizo. Nilifikiria tu ule wino na jinsi utakavyochafua uzi mweupe.

Siku ya pili yake Baba Chelangat akaja hapa dukani. Nikamsalimia, chamgei, akaitikia, kisha akawa anagusagusa sweta zilizoning'inia bila kuuliza bei. Alingoja mteja aondoke. Nilidhani anataka kukopa.

Akasema, “Mama Achieng, ile kazi ya shule sikuwa najitolea. Korti ndio ilinituma.”

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani ni mzaha.

Akanieleza akiwa amesimama, hakutaka kiti. Wakati ule alikuwa mpakiaji kwenye lori la kusambaza mbolea ya majani chai upande wa Sotik. Yeye na dereva wakateremsha baadhi ya mifuko Mulot, kwa mkulima wa mahindi, na wakulima wadogo waliokuwa wakiisubiri mbolea yao wakaambiwa haijafika. Wakashikwa. Alikiri siku ya kwanza kabisa. Hakimu hakumtia jela, alimpa kifungo cha kufanya kazi ya jamii karibu na kwao, na afisa wa probesheni, anayesimamia vifungo vya namna hiyo, akampeleka kwenye shule ile yenye maji madarasani. Mwalimu mkuu wa zamani alijua. Ndiye aliyekuwa akimwandikia kwamba amefika na amefanya kazi. Aliwaambia wanafunzi wamshukuru ili wasimwulize maswali.

Nikamwuliza kwa nini miaka yote hii hakumwambia mtu. Akasema hakuna aliyemwuliza. Kisha akaniambia jambo ambalo bado linanichoma.

“Siku ya mkutano nilikataa. Wewe ndio uliwaambia sijakataa.”

Mkewe anajua. Watoto hawajui. Chelangat, kitindamimba wake, anasoma darasa moja na Achieng, na amekua akijua kwamba mtaro ule ni wa baba yake. Hilo ndilo linalomtisha mzee, si polisi. Akaniomba mambo mawili: nisimwambie mtu yeyote, na kwa kuwa mimi na Madam tunaelewana, nimwulizie kwa ujanja kama mtu mwenye kesi ya namna ile anaweza kukaa kwenye bodi. Ikiwa hawezi, atajiondoa kimya, aseme amepata kazi mbali. Ikiwa anaweza, basi.

Alipotamka “basi” nikagundua kwamba anaitamani ile nafasi. Alikataa kwa hofu, lakini moyoni anaitamani. Nikamhurumia sana, nikakubali.

Alhamisi nikaenda. Nikamwambia Madam kwamba kuna rafiki yangu mmoja. Nani asiyejua huyo rafiki mmoja ni nani siku zote? Nilihisi uso ukipata moto nikiwa katikati ya sentensi. Madam akanijibu polepole. Akasema inategemea kosa na urefu wa kifungo, kwamba aliyefungwa jela muda mrefu hawezi kuwekwa sawa na aliyepewa kazi ya jamii, lakini kesi ya wizi kaunti wataitazama kwa jicho kali kwa sababu bodi ndiyo inayolinda watoto na karo zao. Jibu la mwisho si lake. Alichokijua yeye ni kwamba anayeficha hujiharibia zaidi.

Kisha akavua miwani. “Mama Achieng, kama kuna kitu, sema mapema. Alama za vidole hazifichi mtu.”

Nikasema si mimi. Nikarudia kwamba si mimi. Nikaapa kwa jina la marehemu baba. Ninavyofikiri sasa, mtu asiye na hatia angesema mara moja na kuaga.

Madam si mtu wa maneno, naye simlaumu. Lakini mlango wa ofisi yake umevimba kwa mvua, haufungi sawasawa, na kwenye benchi la nje walikuwepo wazazi waliokuja kulipa karo. Nilipotoka wakaacha kuongea. Mmoja akanisalimia kwa upole uliozidi.

Ijumaa asubuhi Mama Wambui akanipigia. Huyu ni mfanyabiashara wa asili ya Nyeri, ana duka kubwa la sare za shule pale Sotik, na sweta karibu zote ninazofuma zinakwenda kwake. Akasema oda isubiri kidogo, mpaka mambo yatulie. Sikuuliza mambo gani. Alasiri Achieng akarudi kutoka shule, akaweka mkoba chini, hakutaka chakula.

“Mama, uliiba nini?”

Hakuuliza kama niliiba. Nilimwambia sikuiba kitu, sijawahi, na sikuweza kumwambia zaidi ya hapo. Akaniangalia kama anayenipa muda nitunge kitu bora. Tangu hapo anaongea nami maneno ya lazima tu, chumvi imeisha, naomba pesa ya kalamu.

Nimemkasirikia Baba Chelangat. Naandika wazi. Jana alipita mbele ya duka langu akiwa na ng'ombe wake, na lazima atakuwa amesikia, maana hata mbwa wa sokoni wamesikia, na hakugeuza shingo. Nikasema moyoni, kumbe unaweza kuniacha nibebe. Leo kanisani mama aliyeketi nyuma yangu akamwambia mwenzake kwamba lisemwalo lipo, akaongeza sauti kidogo nisije nikakosa kusikia. Niliimba wimbo mzima nikiwa sijui naimba nini.

Cheti changu kitatoka, najua. Lakini kitachukua wiki kadhaa, na uvumi haupangi foleni. Halafu kuna watakaosema nimekinunua.

Nikimtaja, watasema mgeni amemwanika mwana wa hapa ili ajiokoe. Nisipomtaja, mgeni ni mwizi. Na nikimtaja, Chelangat atajua habari za baba yake kutoka kwa mdomo wangu, katikati ya mkutano, na jioni yake darasa zima litajua. Binti wa watu amenikosea nini?

Tena nikiwa na hasira najiuliza kama kweli ninamtaka kwenye bodi. Kuna wakulima walioambiwa mbolea haijafika. Mmoja angeweza kuwa mama yangu. Mwizi ni mwizi, nasema, halafu nakumbuka ile miti ya ua. Mtaro alichimba kabla Achieng hajaingia kidato cha kwanza. Miti aliipanda Achieng akiwa tayari pale, nilimwona mwenyewe na miche yake kwenye toroli. Kifungo kilikuwa kimeisha zamani. Kuipanda miti hiyo hakutumwa na korti, na aliponieleza mambo yake hakuitaja hata kidogo.

Mawe yamekwisha, imebaki mvua ya kawaida. Nimeamua kesho nitanyamaza. Nikiandika hivyo najiona mtu mzuri. Halafu nakumbuka uso wa Achieng, na sijui tena kama nimeamua.

Jumatatu, saa tisa alasiri. Duka liko wazi lakini sihudumii mtu.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la kidato cha kwanza, tukabanana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wa wazazi akasoma majina ya waliopendekezwa. Alipofika kwangu watu wakakohoa. Baba mmoja akasema yeye hana ubaya na mtu, lakini kuna maneno, na ingekuwa vizuri Mama Achieng akae kando mpaka maneno yaishe. Wengine wakaitikia. Madam akasema tungoje vyeti vya polisi, wakamwambia kwa heshima kwamba shule ni ya watoto wao. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno.

Baba Chelangat alikuwa amekaa mbele yangu kidogo, mkewe pembeni. Nilimtazama shingoni. Nikangoja. Hakusogea. Alikuwa ameinama kabisa, anatazama sakafu, na mwenyekiti akaanza kufunga daftari lake.

Nikasimama.

Nitaandika hili lilivyokuwa. Nilisimama ili nimtaje. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, kwa Kipsigis, ili wote waelewe bila kutafsiriwa: mwulizeni Baba Chelangat korti ilimtuma wapi. Sikuwa nawaza Chelangat wala ahadi. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Dawati likagonga ukuta, akageuka, akaniona nimesimama.

Naye akasimama.

“Huyu mama hana kesi. Kesi ni yangu.”

Akasema yote. Lori, mifuko, Mulot, hakimu, jembe. Hakumlaumu dereva, hakusema shida zilimsukuma. Akasema mtaro ule ulikuwa kifungo chake, na kwamba kila mara mtoto alipomwambia asante alitamani ardhi immeze. Akasema mimi nilikwenda ofisini kumwulizia yeye. Sauti ilimkatika mara moja tu, alipowaambia kwamba jana jioni alimweka binti yake chini akamweleza. Kwa hiyo Chelangat alikwishajua. Alikuja leo akiwa amejiandaa, labda alikuwa anatafuta nguvu tu za kuinuka. Labda kama ningengoja kidogo. Labda asingeinuka kabisa. Sitajua.

Kisha baba mmoja akasema jina liondolewe, mwizi wa mbolea hawezi kulinda karo. Mama mmoja mzee akajibu kwamba wanawe wamesoma miguu ikiwa mikavu na hajasikia mwingine akienda kuchimba. Wakazozana hapo kwa muda. Madam akamaliza kwa kusema atalipeleka jina la Baba Chelangat kaunti pamoja na maelezo yake mwenyewe, na huko ndiko watakakosema anafaa au hafai. Mzee akakubali kwa kichwa. Kuhusu jina langu hakuna aliyesema kitu. Mwenyekiti alihamia tu kwenye ajenda ya choo.

Nje, watu wakitawanyika, Baba Chelangat akanifuata. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ile ya kuchuma majani chai, vidole vimekuwa vyeusi visivyotakata kwa sabuni yoyote.

“Nilikuwa naogopa mpaka nikaona wewe umesimama. Nikajua sitasimama peke yangu.”

Mkewe alikuwa analia. Akanikumbatia.

Nikasema, “Haya, Mzee.” Hayo tu ndiyo niliyosema.

Tangu saa hiyo watu wanapita hapa kunisalimia. Mama wa kanisani ameniletea maziwa. Mama Wambui amepiga simu, anataka sweta zote na nyingine za ziada. Mwenyekiti amewaambia watu sokoni kwamba Mama Achieng alikubali kuchafuliwa jina ili aitunze siri ya mzee, na kwamba huo ndio moyo unaotakiwa kwenye bodi. Achieng alipita wakati wa chakula cha mchana, akanikumbatia shingoni, akarudi darasani. Nilitaka kufa.

Ijumaa walinisema vibaya na nilikuwa safi. Leo nimeshindwa hata kuinua macho ninaposhukuriwa.

Hakuna anayejua nilisimama kwa nia gani. Maneno hayakutoka. Naweza kuyaacha yalale hapo, na nani angedhurika? Mzee amepata faraja yake, mimi nimepata jina langu. Lakini amejenga ujasiri wake juu ya mtu aliyekuwa anataka kumtupa, na kila akiniona atanishukuru tena, njiani, sokoni, kwenye bodi kama tutafika huko sote. Kila mara nitasema, haya, Mzee. Kwa miaka mingapi?

Achieng alimwonyesha Chelangat blogu hii muhula uliopita. Najua anaisoma, na zile za kuchekesha humsomea baba yake wakikamua ng'ombe. Majina niliyoyabadilisha hayatamdanganya hata kwa mstari mmoja. Kwa hiyo siwezi kuichapisha hii kabla mzee hajaisikia kutoka kwangu. Binti yake alisikia habari zake kutoka kwa mdomo wake. Naye asinisome kwenye simu.

Mvua imepungua. Nafunga duka sasa hivi, nipande kwake kabla sijabadili nia. Nikimwambia, nitarudi nibonyeze kitufe cha kuchapisha. Nikifika pale mlangoni nikaishia kuomba chai na kuulizia ng'ombe, haya niliyoandika nitayafuta, na hakuna mtu duniani atakayejua.

Hilo la mwisho ndilo linaloniogopesha, kwa sababu ni rahisi sana.